Barua ya kufunga muhula. YAH: Dalili na madhara ya dawa za kulevya

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Muhula umekwisha salama na ripoti ya mwanao imeambatanishwa na barua hii. Habari za masomo mtazisoma humo. Hapa najibu swali lililojirudia kwenye kikao chetu: mzazi atajuaje kwamba mtoto ameanza dawa za kulevya?

Wengi hutazama kama macho ni mekundu. Hiyo ni dalili ya bangi, ingawa hata vumbi na mafua huyafanya macho hivyo. Aliyetumia heroini, yaani unga, mboni zake husinyaa zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Husinzia akiwa amekaa, kichwa kikishuka taratibu, na ukimwita hushtuka akajibu kana kwamba alikuwa macho muda wote. Wa kokeini au methamfetamini ni kinyume chake: mboni zimetanuka, hali wala halali, anaongea mfululizo, na akiendelea siku kadhaa huanza kudai kuna watu wanamfuatilia.

Kuua nako kunatofautiana. Heroini hupunguza pumzi mpaka ikakoma, na siku hizi huweza kuchanganywa na fentanili, dawa kali ya maumivu yenye nguvu mara 50 hivi zaidi yake, mtumiaji asijue. Aliyeacha kwa muda kisha akarudia kipimo chake cha zamani ndiye aliye hatarini zaidi, maana mwili haukihimili tena. Kokeini hubana mishipa ya moyo, hivyo hata kijana mzima wa afya anaweza kupata shambulio la moyo. Bangi haiui kwa namna hiyo, na watoto wanalijua hilo. Ukimtishia kwamba atakufa kwa pafu moja, hatakusikiliza tena hata kwenye mengine. Mwambie ukweli: ubongo wake bado unakua, utaendelea kukua hadi atakapofika miaka 25 hivi, na bangi huvuruga kumbukumbu na umakini. Wengine huwaamshia ugonjwa wa akili.

Linaloninyima usingizi mimi ni vile vitu visivyohitaji muuzaji: gundi, petroli, thina ya rangi. Mvuke wake unaweza kusimamisha moyo ghafla, hata kwa anayenusa mara ya kwanza. Angalieni vipele kuzunguka mdomo na pua, au kitambaa chenye harufu kali kilichosokomezwa chini ya godoro. Vidonge vya usingizi na vya maumivu makali, kama tramadoli, vihesabuni na mvifungie. Tramadoli ikizidi huleta degedege.

Mkimkuta mtoto haamki, anakoroma isivyo kawaida na midomo imebadilika rangi, msiseme "mwacheni alale, zitamwisha." Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Msimnyweshe maziwa wala maji, yatampalia. Mwambieni daktari alichotumia bila kuona haya, kwa sababu ipo dawa, naloksoni, inayoweza kumrudishia pumzi aliyezidisha heroini, ila lazima iwahi.

Mwalimu wa ushauri nasaha atakuwepo ofisini likizo nzima, asubuhi za siku za kazi. Mzazi atakayekuja mwenyewe kueleza shida ya mwanawe hataondoka na barua ya kumfukuza shule.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu