Godoro la uani

Arusha

Mpenzi Mama Neema,

Salamu sana. Sisi huku wazima, mvua zimekatika na baridi imeshaanza. Ujumbe wako niliusoma nikacheka peke yangu jikoni, hasa pale mama mkwe alipozama na kiatu chake uani siku ya kipaimara. Nisamehe. Nimecheka kwa sababu hata mimi yamenikuta, ila aliyezama kwangu alikuwa mchungaji na kiti chake.

Umeniuliza umwage mchanga kiasi gani kusawazisha uwanja wako wa majani, maana una mabonde na ukikanyaga unabonyea kama godoro. Usimwage kwanza, nakuomba. Mwaka jana nilimwita fundi wa bustani, akatazama kwa macho tu, akasema uwanja umetitia, leta mchanga. Lori zima! Tukausambaza kwa reki, pakapendeza wiki tatu hivi. Halafu majani yaliyofukiwa yakaanza kuoza, mengine yakachomoza kwa vishungi, na mabonde yakarudi palepale. Hela ndiyo hiyo imekwenda.

Chukua kisu kirefu cha jikoni, ukate kipande cha majani cha mraba kama unavyokata keki kwenye sinia, ukichomoe na udongo wake, ukitazame ubavuni. Changu juu kilikuwa na kijani kidogo, chini udongo mweusi, na katikati kitu cha kahawia kama katani iliyosokotana, unene wa vidole vinne. Nikakibonyeza kwa dole gumba, kikashuka. Nilipoachia kikarudi juu. Hilo ndilo godoro lenyewe, mama. Ni mashina yaliyokufa yakarundikana bila kuoza. Nikamimina kikombe cha maji, yakanywewa yote mlemle na udongo wa chini ukabaki mkavu. Tabaka hilo likiwa la sentimita 1 halina neno, hata linasaidia kutunza unyevu. Langu lilikuwa karibu 7.

Na mkosaji ni mimi. Haya majani ya kikuyu asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki, yanatambaa juu ya ardhi na chini yake, hayajui kuchoka. Huko Australia na California yamewashinda watu mashambani. Sasa mimi nilikuwa nayalisha kama ng'ombe wa maziwa: urea kila mwezi, maji kidogo kila jioni, na mashine ya kukatia nimeipandisha juu kwa kuogopa kuyaumiza. Yakawa yanaota juu ya maiti zao wenyewe.

Nilisubiri masika yashike, nikayakata chini kabisa mpaka uwanja ukawa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa. Baba Jose aliporudi kazini alisimama getini bila kusema kitu. Kisha ikaja kazi ya reki ya chuma, kukwangua na kuvuta lile godoro, siku tatu, toroli kumi na tisa. Ng'ombe wa jirani alinusa akageuka, kwa hiyo zote nimezitandaza kwenye migomba. Baada ya hapo nikatoboa ardhi kwa uma wa bustani, unauzamisha, unautikisa kidogo, unachomoa, unasogea hatua. Usiogope kuyakata hivyo, mashina yanayotambaa chini ya ardhi yanachipua yenyewe yakipata mvua. Wiki ya tano kulikuwa kijani tena.

Mchanga unakuja mwisho, umechekechwa na kuchanganywa na udongo na mboji iliyoiva, sentimita 1 tu kwa mara moja, ncha za majani zionekane. Ukisharudi kijani, unaongeza tena. Shimo kubwa usilijaze kwa juu: kata majani, yafunue kama mkeka, jaza udongo, kanyaga, yarudishe. Na wakikuambia ukodi pipa la kushindilia, kataa. Linabana udongo tu, mabonde yanabaki.

Kona ya nyuma kwangu ilikuwa na ugonjwa mwingine. Pale ukikanyaga panadidimia na hapanyanyuki tena. Huyo ni fuko, amechimba njia zake chini na vichuguu vya udongo mbichi vinamsema. Hapo reki haisaidii. Mpaka ashughulikiwe, kusawazisha ni kujichosha bure. Kwako angalia pia bomba linalopita chini, maana umesema sehemu moja ina matope hata kiangazi.

Ila usianze sasa. Iringa mvua zenu ni za msimu mmoja, ukiyanyoa mwezi huu yatakaa uchi na baridi mpaka mwisho wa mwaka. Ngoja Desemba. Kwa sasa acha urea, na maji mwagilia mara moja kwa wiki lakini yashibe.

Kile kipande ukikikata kipige picha unitumie kabla hujamlipa mtu yeyote. Msalimie Neema na baba yake, na mama mkwe mwambie pole ya kiatu.

Wako,
Mama Jose