Salamu za Pasaka: kengele ya Kampala

Baba wadogo na mashangazi, shikamooni. Wadogo zangu na wanangu wote mlioko Dar, Dodoma, Mwanza na kwingineko, hamjambo? Mama anawasalimu. Tumsifu Yesu Kristo, na heri ya Pasaka.

Hii ni Pasaka ya kwanza bila Mzee. Tangu tumzike Agosti, akiwa na miaka 83, nilidhani nimeshazoea. Hata Krismasi ilipita salama kwa kelele za wajukuu. Ila Pasaka ilikuwa yake. Kila mwaka tukitoka misani alisimulia kisa kile kile, na ole wake aliyesema, "Babu, hicho tumeshakisikia."

Mwalimu alipotangaza Novemba 1978 kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga nduli Amin tunavyo, Mzee alikuwa kambini tayari. Januari alikuwa Mutukula, Februari Masaka, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Mimi nilizaliwa Machi 1979, wiki ile ile ya mapigano ya Lukaya, na alikuja kuniona nikiwa na meno mawili. Kuhusu Lukaya hakusema kitu. Utotoni tulidhani anatunyima uhondo. Siku aliyorudi kutoka kwenye makaburi ya wenzake kule Kaboya, akakaa siku mbili hagusi chakula, tukaacha kuuliza.

Alichosimulia ni kengele. Kampala ilianguka Jumatano, Aprili 11. Walikuwa wamelala usingizi wa kuibia kwa muda mrefu hivi kwamba hesabu ya siku ilishawapotea. Asubuhi moja wanachemsha chai, kengele ikalia upande wa kilima cha Rubaga. Mmoja akasema leo Alhamisi, labda kuna msiba. Mwingine akaapa ni Jumamosi. Wakabishana mpaka akapita mama mmoja wa Kiganda, kavaa gomesi lake la mabega yaliyochongoka, akawacheka: jamani, ni Pasaka!

"Nikaweka kikombe chini," Mzee alimalizia, "nikakumbuka kuwa nina mke."

"Kumbe ulikuwa umenisahau!" Mama alidakia. Kila mwaka, bila kukosa.

Kikombe chenyewe, kile cha bati kilichobonyea ubavuni, alirudi nacho Mbinga. Alikinywea chai, akakinyolea ndevu, na msimu wa maharage ukifika akakipimia mbegu. Ngoro zake, yale mashimo ya kulimia mlimani yenye matuta pembeni, mnazikumbuka: alilaza majani kwa kufuata kamba, miraba imenyooka kama gwaride, na Mama anafukia udongo huku akinung'unika kwamba maharage hayapigi saluti. (Tuseme ukweli, mavuno yake hayakuwahi kuyapita ya jirani hata kwa debe moja.)

Hakuwa mtu mwepesi. Kuchelewa misa nyumbani kwetu ilikuwa kama kutoroka jeshini. Lakini mwaka ule Mama alipolazwa wiki tatu, ni yeye aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasuka dada zenu mabutu kabla ya shule. Yalitoka vibaya, mengine yakielekea Songea na mengine Nyasa. Mwalimu mmoja akaandika barua ya malalamiko. Mzee akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni, na kesho yake akasuka tena.

Machi hii Mama amekishusha kile kikombe kutoka juu ya kabati, akapima mbegu mwenyewe. Kulaza majani nikaachiwa mimi. Nililaza kwa macho tu, maana nani ana muda wa kamba siku hizi. Mama akaja na jembe lake, akasimama akatazama mistari yangu, hakusema neno. Akarudi ndani. Alipotoka alikuwa na ile kamba, bado imezungushwa kwenye vigingi vyake viwili.

Maharage sasa yana maua. Mnaokuja, njooni na makoti, mvua haijakatika. Pasaka njema.