Salamu za Krismasi kabla ya kupanda treni

Wapendwa ndugu, jamaa, majirani wa Tabata na wateja wangu wote, heri ya Krismasi na heri ya Mwaka Mpya 2025. Nanyi majirani zetu Waislamu, ambao kila Idi sahani yenu hutufikia kabla hata hatujanawa uso, sikukuu hii ni yenu pia. Pilau ya mama watoto itawafikia mapema, tarehe 23 jioni, kwa sababu tarehe 24 asubuhi tutakuwa Stesheni na mabegi.

Mwaka huu sitasambaza picha ya mshumaa na maua. Nimeandika mwenyewe, na sababu ni Mei 12. Ilikuwa Jumapili, Siku ya Mama Duniani. Nilikuwa nimemwandalia mama yangu, aliyeko Dodoma, picha yake akiwa na wajukuu, na maneno mazuri chini yake. Nikabonyeza kutuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Nikazima simu, nikawasha. Nikadhani bando limekwisha, nikanunua jingine. Kumbe nchi nzima ilikuwa hivyo hivyo: nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mimi kompyuta ndiyo kazi yangu, najua kwamba intaneti yetu hupita kwenye waya uliolala sakafuni mwa bahari, na huko kwenye kina kirefu unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukaa na salamu ya mama mkononi haiendi popote ni kingine.

Nikampigia simu ya kawaida, ya sauti. Akapokea kwa wasiwasi: "Baba, kuna nini huko?"

Swali hilo lilinichoma. Nilikuwa nimemzoesha kwamba salamu huja kwa picha, na nikipiga basi kuna msiba au mgonjwa. Tuliongea karibu saa nzima. Akaniambia goti linamsumbua akipanda ngazi za kanisani, kwamba kuku wake wawili wamekufa kwa kideri, na kwamba amemwota marehemu baba amekaa mlangoni na redio yake begani, kimya, anasikiliza. Mambo hayo asingeniandikia hata siku moja. Tangu siku ile nampigia kila Jumapili jioni, na sasa akipokea haulizi tena kuna nini.

Wanaomkumbuka baba wanaijua redio hiyo. Ndiyo aliyosikilizia mechi ya Ndola mwaka 1979, goli la Peter Tino, sare ya 1-1 na Zambia, Taifa Stars ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kule Nigeria. Alitusimulia mchezo ule utotoni mwetu wote, na kila mara aliposimulia alishusha sauti akifika pale mpira ulipoingia wavuni. Ikachukua miaka 39 kurudi tena kwenye fainali hizo, mwaka 2019. Baba alikuwa ameshatangulia.

Kwa hiyo Jumanne ya Novemba 19 nilimchukua mwanangu wa kwanza tukaenda Uwanja wa Benjamin Mkapa, Stars na Guinea, mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la Moroko. Tulikwenda na mioyo mizito. Jumamosi yake jengo la ghorofa lilikuwa limeanguka Kariakoo, na watu walikuwa bado chini ya kifusi, wafanyabiashara wenzetu na vijana wao wa dukani, watu tunaonunua kwao kila wiki. Waliofiwa, Krismasi hii nawataja kwanza katika maombi yangu. Nilifikiria kutokwenda. Kijana akaniambia, "Baba, Babu angekwenda." Guinea walihitaji sare tu, sisi tulihitaji ushindi. Dakika ya 61 Simon Msuva akafunga, na sijawahi kusikia uwanja ukitoa sauti ile, kama watu walikuwa wameshikilia pumzi tangu Jumamosi. Mwanangu alinishika shati kwa mikono miwili hadi filimbi ya mwisho. Tukiwa bado kwenye foleni ya kutoka nikampigia mama. Akasema majirani walikuwa wameshamwambia kwa kelele zao, kisha akanyamaza kidogo. "Baba yenu leo asingelala."

Kazini, mwaka huu ulikuwa wa maji. Mvua za Aprili mnazikumbuka. Wiki ile mezani kwangu hapakuwa na nafasi, kila mashine imejaa tope. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka bonde la Msimbazi, alileta kompyuta mpakato ndani ya kiroba. Fundi wa kwanza alikuwa amemwambia aitupe. Nilipofungua skrubu za chini, tope lilitoka zito kama uji wa ulezi, na ndani yake kipande cha jani la mwembe. Bodi ilikuwa imekwisha, kwa sababu baada ya maji kupungua mtu aliiwasha kuona kama bado inafanya kazi. (Tafadhali, kompyuta ikilowa msiiwashe. Toeni betri kama inatoka, mwiteni fundi. Umeme ukikutana na maji ndipo vitu huungua.) Lakini diski ilikuwa ya kisasa, isiyo na sahani zinazozunguka. Niliisafisha kwa mswaki laini na spiriti, nikaiacha ikauke siku tatu, nikaiunganisha na mashine yangu kwa waya wa USB.

Folda zikafunguka. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anapepeta mchele kwenye ungo, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Mzee akanyoosha mkono, akagusa kioo kwa kidole kimoja. "Huyo hapo," akasema. Mkewe alifariki 2021, na picha hazikuwa mahali pengine popote.

Nawaomba basi, ndugu zangu. Sikukuu hii mtapiga picha nyingi. Tengeni nusu saa, zinakilini kwenye flashi, na flashi hiyo apewe ndugu wa mji mwingine aondoke nayo. Maji yakiingia Jangwani, hayatafika Mwanza siku hiyo hiyo. Asiyejua namna ya kunakili aje dukani kwangu kabla ya tarehe 23, nitamfanyia bure.

Sasa safari. Wengi wenu tumelala pamoja Ubungo zamani zile tukingoja basi la alfajiri, na tangu 2021 tumesukumana Mbezi Luis. Njia ya Dodoma naijua kwa vituo vya kuchimba dawa. Krismasi ya 2022 basi letu liliharibika karibu na Gairo, tukakaa kando ya barabara usiku kucha, watoto wamelala juu ya viroba vya watu. Tulimfikia mama tarehe 25 saa 2 usiku. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa kwa kawa, hakuna aliyekigusa, naye amekaa kando yake. Sitaki kumwona tena amekaa hivyo.

Mwaka huu reli mpya imefika Dodoma. Abiria walianza kusafiri Julai 25, nasi tukaenda Nane Nane. Nauli ya daraja la kawaida shilingi 31,000, na tulifika kabla ya muda wa saa nne kutimia njiani, safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula siku nzima. Baada ya Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki, na binti yangu mdogo aliyahesabu kwa sauti, kila giza likija anashika kiti cha mbele yake, mwanga ukirudi anatangaza namba kwa behewa zima. Wazee waliokaa karibu wakaanza kuhesabu naye. Mama alitupokea Dodoma amevaa kanga mpya. "Mbukwenyi," akatusalimu wote kwa mkupuo, akatutazama nguo hazina hata vumbi, akamgeukia mama watoto: "Mmepita njia gani nyinyi?"

Tiketi za msimu huu zinakwisha upesi, anayetaka asingoje. Na nyinyi mnaokwenda kwa barabara, Moshi, Bukoba, Songea, nawaombea sana. Dereva akikimbiza, semeni, msiogope. Abiria wakisema pamoja, mwendo hupungua.

Mama ameagiza nazi sita na nguru wa kukaanga wa Feri. Alinipa pia kazi moja mwezi Agosti: redio ya baba, iliyokuwa kimya miaka mingi, niitazame. Anasema Stars wakianza kucheza Moroko Desemba mwakani, atawasikiliza humo. Spika ilikuwa imeliwa na panya na kitufe cha sauti kimeota kutu, nimebadilisha vyote viwili. Jana usiku niliiwasha na watoto wameizunguka, ikakwaruza, kisha ikashika TBC Taifa. Nimeiviringisha kwenye kanga, iko juu kabisa ya begi, nitaipakata mwenyewe.

Tutarudi Januari 2 tukijaaliwa. Heri ya sikukuu.