Jardel asihukumiwe kwa wingi wa klabu zake

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni kuhusu makala ya michezo iliyochapishwa hivi karibuni juu ya wachezaji wa Brazili waliohamahama klabu. Mwandishi alimgusa Mário Jardel kwa sentensi moja tu, kwamba alizunguka klabu nyingi bila kutulia hata moja, kisha akaendelea na wengine. Sentensi hiyo inamdhulumu mmoja wa wafungaji hatari zaidi kupata kutoka Brazili, na inawapotosha vijana ambao hawakuwahi kumwona akicheza.

Jardel alitulia. Alikaa FC Porto misimu minne, kuanzia 1996 hadi 2000, akacheza mechi 125 za ligi na kufunga mabao 130, na katika kila msimu kati ya hiyo minne yeye ndiye aliyeibuka mfungaji bora wa Ureno. Porto walitwaa ubingwa mara tatu wakiwa naye. Kabla ya hapo, kijana huyo mzaliwa wa Fortaleza alikuwa ameipa Grêmio ya Porto Alegre mabao 12 katika Copa Libertadores ya 1995, michuano ya klabu bingwa za Amerika Kusini, chini ya kocha Luiz Felipe Scolari, na kuwa mfungaji bora wa michuano ambayo Grêmio waliondoka na kombe lake.

Ni vyema pia wasomaji waelezwe alivyokuwa akicheza, maana humo ndimo ulimo ufunguo wa maisha yake yote ya soka. Hakuwa na mbio, wala hakuwa mtu wa chenga. Kazi yake aliifanyia ndani ya boksi: alijibanza nyuma ya beki wa kati wa mbali, mahali ambapo beki hawezi kuutazama mpira na kumtazama yeye kwa wakati mmoja, akasubiri winga apige krosi, kisha akachomoza hatua mbili mbele ya beki huyo na kuupiga mpira kwa kichwa kuelekea chini, pale ambapo kipa hupata tabu kuufikia. Pale Grêmio krosi hizo zilitoka kwa Francisco Arce, beki wa kulia kutoka Paragwai. Pale Porto zilitoka kwa Ljubinko Drulović upande wa kushoto. Mshambuliaji wa namna hiyo akipelekwa kwenye timu isiyomlisha krosi, au mwili wake ukipungukiwa na wepesi hata kidogo, haachiwi silaha nyingine ya kujitetea.

Najua wapo watakaosema kwamba ligi ya Ureno ni dhaifu. Hoja hiyo ilikwisha kumgharimu mwaka 2000, alipofunga mabao 38 ya ligi lakini Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya, tuzo ya mfungaji bora wa ligi za bara hilo, kikaenda kwa Kevin Phillips wa Sunderland aliyefunga 30, kwa kuwa bao la Uingereza lilihesabiwa alama nyingi kuliko la Ureno. Jibu alilitoa mwenyewe tarehe 25 Agosti mwaka huohuo, mjini Monaco, alipoichezea klabu yake mpya, Galatasaray ya Uturuki, dhidi ya Real Madrid, mabingwa wa Ulaya, kuwania UEFA Super Cup. Alifunga la kwanza kwa penalti, Raúl wa Real Madrid akasawazisha naye kwa penalti, na katika muda wa nyongeza Jardel akapachika bao la dhahabu lililoumaliza mchezo papo hapo. Alirejea Ureno kujiunga na Sporting, akafunga mabao 42 katika msimu wa 2001/02, Sporting wakabeba ligi na kombe, na yeye akapata Kiatu cha Dhahabu cha pili baada ya kile cha 1999.

Mwaka huo wa 2002 Scolari, kocha yuleyule wa Grêmio, hakumjumuisha katika kikosi cha Kombe la Dunia. Brazili ilitwaa ubingwa, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu kocha. Lakini kwangu mimi, tangu hapo Jardel hakuwa tena mchezaji yule. Akiwa Bolton Wanderers ya Uingereza hakufunga hata bao moja la ligi. Baada ya hapo ndipo ulipoanza mfululizo anaousema mwandishi wako: Ancona ya Italia, Newell's Old Boys ya Argentina, Anorthosis ya Kupro, Newcastle Jets ya Australia, Cherno More ya Bulgaria. Jardel alikiri mwenyewe hadharani kwamba alitumia kokeini, na kwamba iliharibu kazi yake. Mtu aliyekuwa akipambana na uraibu, akigonga mlango hadi mlango kutafuta timu ya kumpokea, hawezi kuelezwa kama mchezaji asiyependa kutulia.

Hadi 2002 alihama kwa sababu klabu kubwa zilimtaka kwa mabao yake. Kuanzia 2003 alihama kwa sababu alikuwa mgonjwa na kila klabu ilimwacha baada ya muda mfupi. Namwomba mwandishi wako, atakapoirudia mada hii, avitenganishe vipindi hivyo viwili, na mabao 130 ya Porto yapewe angalau aya moja nzima.

Wako,
Msomaji wa kurasa za michezo