Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge la Kitaifa: tuwekeeni majina

Mheshimiwa Moses Wetang'ula,
Spika wa Bunge la Kitaifa,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

Mheshimiwa Spika,

KUH: WABUNGE WANAOPITISHA SHERIA ZA MTANDAO

Tangu Oktoba 2025, Rais William Ruto alipotia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, kuna swali ambalo halijatulia: waliounga mkono sheria ile wapokonywe viti? Vijana wengi wameshalijibu. Wanasema ndiyo, tena mapema, bila kungoja uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Mimi nakubaliana nao nusu, na ile nusu nyingine iko mezani kwako: miswada ya namna hii ipigiwe kura kwa majina, tujue nani alisema ndiyo na nani alisema la. Ndiyo maana barua hii nimeileta kwako, sikuipeleka kwa mbunge wangu.

Saini yenyewe ilitiwa tarehe 15 Oktoba, siku ile ile habari za kifo cha Raila Odinga zilipotufikia kutoka India. Watu walikuwa msibani. Walipoinua vichwa wakakuta sheria. Sidai kwamba ilipangwa hivyo, maana Rais alitia saini miswada kadhaa kwa pamoja siku hiyo na ratiba ya Ikulu haikujua kitakachotokea India. Ila mtaani hakuna aliyetaka kusikia maelezo hayo, na siwalaumu.

Nianze kwa haki. Si kila kilichomo ni kibaya. Mheshimiwa Aden Daud Mohamed wa Wajir Mashariki, mwenye mswada, alileta adhabu kwa wanaobadilisha laini ya simu ya mtu bila idhini yake. Yeyote aliyewahi kuamka akakuta laini imekufa na M-Pesa imekauka atamshukuru. Aligusa pia mafundisho ya kidini yenye itikadi kali, na sisi wa Pwani hatuhitaji kukumbushwa Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa msituni. Mbunge aliyeyaona hayo akanyamaza angekuwa na lake la kujibu.

Taabu iko kwingine. Kifungu cha 27 kinachohusu unyanyasaji mtandaoni kilipanuliwa kikafika kwenye ujumbe "unaoweza" kumfanya mtu ajiue, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote viwili. Neno "unaoweza" likiwa mkononi mwa afisa wa polisi aliyetumwa na mkubwa fulani halina mwisho. Halafu kuna ile Kamati ya Kitaifa ya Kuratibu Masuala ya Uhalifu wa Kompyuta, NC4, iliyopewa uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe pale "inapothibitishwa" kwamba inaeneza ugaidi, uhalifu, picha chafu za watoto au itikadi kali. Inathibitishwa mbele ya nani? Katika kamati ile wamo makatibu wa wizara, mkuu wa majeshi, Inspekta Jenerali wa Polisi, mkurugenzi wa ujasusi na Gavana wa Benki Kuu. Hatukumpigia kura hata mmoja wao. Kesho wakifunga ukurasa ninaousoma, sina sanduku la kura la kuwapeleka. Mtu pekee katika mnyororo huo ninayeweza kumtoa kazini ni mbunge aliyewakabidhi ufunguo.

Shirika la Kenya Human Rights Commission na Reuben Kigame, mwimbaji wa nyimbo za injili, walikwenda mahakamani, na tarehe 22 Oktoba Jaji Lawrence Mugambi akasimamisha sehemu za kifungu cha 27. Wiki moja baada ya saini! Mheshimiwa Spika, mtindo huu tumeuzoea mno. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kile cha "matumizi yasiyofaa" ya mitambo ya mawasiliano kilichowapeleka wanablogu korokoroni. Mwaka uliofuata likafutwa kosa la jinai la kumkashifu mtu. Mei 2018, siku chache baada ya Rais Uhuru Kenyatta kutia saini hii hii Sheria ya Uhalifu wa Mtandaoni, Jaji Chacha Mwita alisimamisha vifungu 26, na vikakaa hivyo hadi Februari 2020 mahakama ilipovirudisha. Katika safari zote hizi mlipa ushuru anamlipa mbunge atunge, anamlipa wakili wa serikali atetee, kisha anachangisha amlipe wakili wake mwenyewe apinge. Mbunge hapotezi hata posho ya kikao.

Na kabla mahakama haijaamua, kuna watu wanaoumia. Mwishoni mwa Mei 2025 mtaalamu mmoja wa programu alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza ukurasa uliomsaidia mwananchi kutuma pingamizi lake dhidi ya Mswada wa Fedha kwa barua pepe. Katiba, kifungu cha 118, inaliamuru Bunge lishirikishe umma. Mama yule alirahisisha ushiriki huo, akalala seli, akashtakiwa kwa sheria ya uhalifu wa mtandaoni. Mwezi uliofuata hakimu alimwachilia, akisema mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Barua zile, Mheshimiwa Spika, zilikuwa zikielekea Bunge lako.

Basi wanaouliza kwa nini wahusika wasitimuliwe mara moja wana hoja, na Katiba iko upande wao. Kifungu cha 104 kinasema wapiga kura wana haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula wake kwisha. Utaratibu wake waliachiwa wabunge wenyewe wautunge, nao wakautunga wanavyojua wao: Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikataka saini za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa katika eneo bunge, isiwe katika miaka miwili ya mwanzo wala mwaka wa mwisho, na sababu ziwe chache. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema vizingiti kadhaa vinakiuka Katiba. Pengo likabaki. Katikati ya 2025 tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza kwamba haina sheria ya kuendeshea ombi la kumwondoa mbunge au seneta. Tangu Katiba ipite mwaka 2010 hajarudishwa nyumbani mbunge hata mmoja kwa njia hiyo.

Pengo hilo lazima lizibwe, lakini nitasema jambo litakaloniudhia marafiki: hata likizibwa, sitaki mbunge avuliwe kiti katikati ya muhula kwa sababu tu aliunga mkono mswada uliochukiwa. Leo hasira zetu zina msingi. Kesho mbunge atasimama kulinda watoto dhidi ya kampuni kubwa ya mitandao, kampuni iwalipe watu wavumishe hashtegi dhidi yake siku tatu, na saini zipatikane. Mbunge mwenye wazo la kijinga anastahili kukataliwa kwenye uchaguzi. Kuvuliwa katikati ya safari kungoje aliyeruka ushirikishaji wa umma akijua, au aliyepokea bahasha ili aseme ndiyo. Hayo ni makosa ya kazi. Maoni, hata yakikera, ni kazi yenyewe.

Uchaguzi nao, kwa ukweli, haujawahi kuwatisha. Mwaka 2019 marehemu Moses Malulu Injendi, mbunge wa Malava, alileta mswada uliotaka wanablogu wawe na leseni, na wasimamizi wa makundi ya WhatsApp wapate kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano. Mtandaoni alichambuliwa usiku na mchana. Hata mimi, msimamizi wa kundi la mtaa lenye kelele nyingi za maji na taka, nilijiona mhalifu mtarajiwa. Mswada haukufika popote, na mwaka 2022 watu wa Malava walimrudisha Bungeni. Mpiga kura wa eneo la miwa ana bei ya miwa, karo na barabara mbele yake kabla hajaifikia tovuti. Marekani ilikuwa vivyo hivyo. Lamar Smith wa Texas alileta mswada wa SOPA, wa kupambana na uharamia wa kazi za watu mtandaoni, Oktoba 2011. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilizima kurasa zake siku nzima, simu za ofisi za wabunge zikafurika, na siku mbili baadaye mswada ukawekwa kando. Novemba ya mwaka huo huo Smith alichaguliwa tena, akabaki Bungeni hadi Januari 2019. Kelele ziliua mswada, mwenyewe akabaki na kiti chake.

Kwa hiyo tishio la kiti peke yake halitoshi. Lakini kuna kitu kimoja kilichowahi kuwatikisa wabunge wetu kweli kweli, na tulikiona sote Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa na kodi nyingi, na ndani yake kulikuwa na kipengele kilichotaka kuiondolea mamlaka ya kodi, KRA, vizuizi vya Sheria ya Kulinda Data. Tarehe 25 Juni kura zilihesabiwa: 195 za ndiyo, 106 za la. Idadi ilikuwa wazi, na majina yalikuwa wazi. Kabla ya jua kutua kila kijana alijua mbunge wake alisimama wapi, na kazi ya "kuwasalimia" wabunge kwa simu na meseji ikashika kasi. Kesho yake Rais alikataa kutia saini.

Linganisha na kura ya sauti, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya miswada mingi. Unauliza, wanaosema ndiyo wanaitikia, wanaosema la wanaitikia, wewe unasikiliza na kutamka nani wameshinda. Katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, hakubaki jina la aliyeitikia wala la aliyenyamaza, na la aliyekuwa mkahawani akinywa chai ndiyo kabisa. Mswada wa kumfunga Mkenya miaka kumi kwa ujumbe wa simu unaweza kupita namna hiyo, halafu kila mbunge akarudi kijijini akaapa kwamba yeye hakuuunga mkono. Utambishia kwa ushahidi gani? Wabunge 349, na hakuna aliyepitisha.

Vyama havina shida hiyo, vinajua watu wao. Septemba 2023 ODM ilitangaza kuwafukuza baadhi ya wabunge wake kwa kushirikiana na serikali, na kuunga mkono Mswada wa Fedha lilikuwa mojawapo ya madhambi yao. (Mwaka uliofuata chama chenyewe kikaingia serikalini, lakini hayo tuyaache.) Chama kinaweza kukitikisa kiti cha mbunge kwa kura moja aliyopiga. Mimi niliyepanga foleni tangu alfajiri siambiwi hata alivyopiga.

Ombi langu ni hili. Kila mswada unaoletwa mbele yako huwa na taarifa ya mwenye mswada akieleza kama unabana haki na uhuru wa kimsingi, na mara nyingi huandikwa kwamba haubani chochote. Uamuzi huo usiwe wa mwenye mswada. Mawakili wa Bunge wakiona unagusa kifungu cha 31 cha Katiba kuhusu faragha, cha 33 cha uhuru wa kujieleza au cha 34 cha uhuru wa vyombo vya habari, Kanuni za Kudumu zilazimishe kura ya majina katika kusomwa mara ya pili na ya tatu, bila kungoja mbunge asimame kuidai na wenzake wa kutosha wasimame kumuunga mkono. Orodha iwekwe kwenye tovuti ya Bunge siku hiyo hiyo, kwa eneo bunge, na waliokuwepo bila kupiga kura waandikwe, na wasiokuwepo pia. Kamati inayoshughulikia kanuni unaiongoza wewe, na muda upo kabla Bunge hili la 13 halijavunjwa.

Utaniambia majina ni hatari. Najua. Mwaka 2024 nyumba na biashara za baadhi ya wabunge zilivamiwa, na kuchoma duka la mtu ni uhalifu, hata awe amepiga kura ya namna gani. Waliofanya hivyo wanastahili kushtakiwa. Lakini orodha rasmi isipokuwepo, huja ya kubuni kutoka WhatsApp, na mbunge aliyesema la anasombwa pamoja na waliosema ndiyo. Aliyekataa mswada ule wa Oktoba kwa moyo safi, kama yupo, leo hana pa kulionyesha jina lake.

Wakati marekebisho mengine ya sheria za mtandao yakisubiri zamu, ukiwemo mswada wa Mheshimiwa Marianne Kitany wa Aldai unaotaka kampuni za intaneti zimpe kila mteja namba ya mita, naomba jaribio lianze na huo. Upigieni kura kwa majina. Mimi kadi yangu ya kura ninayo, na tarehe 10 Agosti 2027 ningependa kwenda nayo kituoni nikiwa najua ninayemuadhibu na ninayemrudisha.

Wako,
Mpiga kura wa Kisauni, Mombasa.

Nakala: Karani wa Bunge la Kitaifa; Mwenyekiti wa IEBC.