Rula ya mwenendo hupima sketi tu

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu vyuo vikuu vya dini na kanuni zao za mwenendo nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Miaka 22 nimekuwa msomaji wenu wa kimya. Mwandishi kahoji viongozi wanne na mchungaji mmoja. Mwanafunzi hata wa dawa hayumo.

Mimi si adui wa kanuni. Niliposaini fomu ya kujiunga na chuo kimoja cha aina hiyo nilijua nimeaga pombe, disko na kulala nje ya bweni, na hakuna aliyenishika mkono. Ninachouliza ni nani anayepimwa, na kwa rula ipi.

Usiku mmoja wa mwaka wangu wa pili, mwenzangu wa chumba alishikwa na tumbo, akaanza kuvuja damu. Matroni tulimgongea, hakuamka. Nikamwita mwanafunzi mwenzetu mwenye gari, tukamkimbiza hospitali, nikarudi saa tisa usiku. Kulipokucha mlinzi alikuwa ameshaandika jina langu, na kabla sijanywa chai niko mbele ya kamati ya nidhamu: wazee watatu, Biblia mezani, fomu imeshapigwa chapa. Gari la nani? La mwanamume? Ulikaa mbele au nyuma? Ulivaa nini? (Shuka juu ya nguo ya kulalia, damu haisubiri mtu atafute sketi ya ibada.) Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa yu hai. Nikasaini kwamba nimetubu. Nilitubu nini, sijui mpaka leo. Na aliyenipa kalamu ni mhadhiri yule yule ambaye sisi wasichana tuliwaonya wa mwaka wa kwanza wasiingie ofisini kwake peke yao. Yeye hakuwahi kuitwa popote, kwa sababu ukitaka kumshtaki ueleze kwanza wewe ulikuwa unatafuta nini ofisini kwa mwanamume jioni, na hilo lenyewe ni kosa, lina kifungu chake!

Wala si chuo chetu peke yake. Mwaka 2016, wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walijitokeza wakasema kwamba walipokwenda kuripoti kubakwa walichunguzwa wao, eti wamevunja kanuni za mwenendo. Chuo kikatangaza mwaka huo huo kwamba anayeripoti hataadhibiwa kwa makosa ya namna hiyo. Ndicho chuo kinachowakataza wanafunzi kufuga ndevu, na Brigham Young mwenyewe, kiongozi wa Wamormoni ambaye chuo kimebeba jina lake, alikuwa nazo. Au Chuo Kikuu cha Bob Jones, cha Kikristo huko huko Marekani, kilichopiga marufuku wapenzi wa rangi tofauti kwa jina la Maandiko: kikashindwa kesi ya msamaha wa kodi katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1983, kikang'ang'ania marufuku yake hadi mwaka 2000. Maandiko hayakubadilika mwaka ule. Nimeangalia.

Na hiyo ibada ya lazima mliyoisifu! Karatasi ya mahudhurio inapita, mmoja anawasainia watano. Kughushi saini tulijifunzia pale pale, vichwa vimeinama kwa sala.

Halafu picha yenu: miguu ya binti, kichwa kimekatwa. Wavulana hawana mwenendo?

Kwa kuwa mnapenda mapendekezo, langu hili hapa. Kila barua ya onyo kuhusu mavazi iambatane na tasnifu moja iliyosahihishwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Yangu ilikaa kwa msimamizi miezi 14, na hicho hakikuwa kifungu cha mwenendo. Na utepe wa kupimia sketi akabidhiwe mama wa usafi wa bweni. Asubuhi ile ni yeye tu aliyeniuliza mwenzangu anaendeleaje.

Alipona.

Msomaji wenu wa siku nyingi (jina langu mnalo)