Barua ya wazi kwa vijana wa laptopu, brashi na programu: omukoonezi wenu ni nani?

Wanangu,

Hamjambo. Nawaandikia hadharani kwa sababu mko wengi, wengine hata majina siyajui. Omukoonezi ni neno la Waganda, nitalieleza mbele. Tena niliyo nayo yanawahusu na wenzenu wa Arusha, Nairobi na Kampala wanaofanya kazi ya aina yenu: mmoja anapiga muziki wa kompyuta, mwingine anachora, wa tatu anaandika programu, na mezani kuna kitabu cha sayansi ya mifumo changamano, yaani vitu vingi vinavyojipanga bila kiongozi, ambacho kila mtu amekisoma nusu.

Jumamosi ile nilikuja kwenye onyesho lenu. Mlinipa kiti cha mbele na soda baridi, ahsanteni. Singeli ilikwenda mbio, mapigo 200 na ushei kwa dakika, na ukutani projekta ikamwaga vidoti maelfu vinavyoruka kama kundi la ndege. Binti mmoja akashika maikrofoni akatueleza kwamba vile vidoti vinajipanga vyenyewe. Hapo nikavaa miwani.

Havikuwa vinajipanga. Besi ikigonga, vinatawanyika. Besi ikinyamaza, vinarudi. Nilihesabu mara kumi na mbili na havikukosea hata mara moja. Kompyuta ya ngoma inaamrisha, ya picha inatii. Na mchoraji wenu, kijana wa watu, amesimama pembeni na brashi yake akisubiri vidoti vipite ndipo apake rangi, yaani mtumishi wa mtumishi. Msinune. Kazi ilikuwa safi na watu walicheza, hata mimi goti lilitaka. Nasema tu kwamba jina mliloipa halikuwa lake.

Ndege mimi nimewajua kwa taabu. Nimekulia Dodoma, na mtama ukianza kuiva watoto tulipelekwa shambani kuamia. Unakaa juu ya dungu tangu alfajiri, una kombeo na debe bovu la kuchapa, unawangoja kweleakwelea. Wanakuja kama moshi. Unarusha jiwe ukingoni mwa kundi, na upande wa pili kabisa unapinda kabla jiwe halijaanguka. Tulikuwa tunamtafuta kiongozi wao ili tumpige yeye, kundi lipotee njia. Hatukumpata miaka yote ile. Kumbe hayupo.

Mwaka 1986 Mmarekani Craig Reynolds aliunda ndege wa kompyuta wanaoruka hivyo hivyo, akawapa kanuni tatu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea jirani, usiachwe mbali na wenzako. Hakuna aliyeambiwa umbo la kundi. Programu yenu imetoka ukoo huohuo, mwandishi wake alinieleza baada ya onyesho, na anaijua vizuri. Lakini angalieni: katika zile kanuni kila ndege anamtazama jirani na anatazamwa. Kwenu, ngoma haimtazami mtu.

Mie ni fundi, tuseme kifundi. Miaka ya 90 nilitengeneza amplifaya za vikundi vya mchiriku, vile vya kinanda kidogo cha Casio na spika za honi. Kazi iliyonilisha zaidi ilikuwa mluzi. Maikrofoni ikiielekea honi, sauti inatoka, inaingia, inatoka tena imenenepa, mara uwanja mzima unaziba masikio. Wengi walinilipa niuondoe. Mpiga kinanda mmoja alikataa. Alikuwa anaisogeza maikrofoni kidogo tu, upana wa kidole, mluzi unapanda, anaiinamisha, unashuka, na katikati kuna mahali unatetemeka bila kupasuka, kama sauti ya mtu anayejizuia kulia. Alipata mahali hapo kwa mkono, kila usiku upya, kwa sababu uwanja ukijaa watu mahali penyewe panahama.

Huo ndio mrejesho mnaousoma vitabuni. Basi tieni waya unaorudi. Vidoti vikijazana pembe moja ya ukuta, ngoma ipunguze. Mchoraji akipaka rangi nzito, kamera imwone, besi izame. Mtaharibu maonyesho mawili matatu, itapiga mluzi, au itakufa kimya mbele za watu. Sawa tu. Kati ya mluzi na ukimya ndiko kazi yenu iliko, na huko hamtafika kwa hesabu peke yake.

Sasa nije kwa hili lililonifanya nishike kalamu.

Miaka ya 80 nilikaa Kampala nikitengeneza redio. Jirani yangu alikuwa na amadinda, marimba ya Waganda: vibao 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wanakaa wawili wakitazamana. Wa kwanza, omunazi, anapiga nyimbo yake kwa mwendo sawa bila kupumzika. Wa pili, omwawuzi, anaingiza yake katikati, pigo lake likiangukia pale pale palipoachwa na mwenzake. Hakuna anayekwenda mbio. Lakini changanya mapigo yao, yanapita 500 kwa dakika, na sikio linashindwa kuwatenganisha. Linaanza kuokota lenyewe: noti za chini zinashikana na noti za chini, za juu na za juu, na ghafla unasikia nyimbo ya tatu. Niliinama kuangalia mikono nijue nani anaipiga. Haipigwi na mtu.

Gerhard Kubik, Mwaustria aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, mpiga muziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Waganda, aliandika habari za nyimbo hizo zisizopigwa na mtu mwaka 1962. Wanasayansi wa leo wangesema ni jambo lililoibuka. Waganda walikuwa wamekwenda hatua moja mbele: walikuwa wamelitafutia mtumishi. Kuna mtu wa tatu, omukoonezi, anayekaa mwisho wa marimba na vibao viwili tu vya juu. Kazi yake ni kusikiliza. Anaisaka ile nyimbo inayozaliwa kwenye noti mbili za chini kabisa, akiipata anaigonga juu, kwa sauti nyembamba, ili na sisi tulio nje tuisikie. Nilimuuliza jirani yangu, huyu wa vibao viwili ni mwanafunzi? Akacheka sana.

Niliwatazama nyie Jumamosi ile, wanane, kila mmoja ana kitufe mkononi na kila mmoja anaongeza. Prodyuza anaongeza sampuli, wa picha anaongeza vidoti, MC anaongeza maneno. Huenda kitu kilizaliwa pale katikati. Dakika ya ishirini hivi, umeme ulipoyumba na besi ikapotea kidogo, nilisikia vokali zenu mbili zikijibizana kitu ambacho sidhani mlikipanga. Besi ikarudi ikakifukia. Hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kukisikia.

Mtoeni mmoja. Tena msimtoe dhaifu wenu, mtoeni mwenye sikio. Apewe vitufe viwili basi, na ruhusa ya kumnyamazisha yeyote, hata mwenye laptopu ya gharama. Na nyie wengine pigeni kidogo. Mwaka 1978, huko California, kina John Bischoff, Jim Horton na Rich Gold walianza kikundi cha kuunganisha kompyuta zao kwa nyaya, kila moja ikisikiliza namba za wenzake na kubadilisha muziki wake. Zile kompyuta, KIM-1, zilikuwa na kumbukumbu ya kama kilobaiti moja. Picha moja ya simu yako inazimeza maelfu kwa maelfu. Mwaka 1979 walikuwa wanazitandika mezani kila baada ya Jumapili mbili, kwenye ukumbi wa Wafini huko Berkeley, wanaziacha zijipigie saa moja au mbili, wao wakigusa hapa na pale. Uchache ule haukuwazuia. Nyie mna uwezo wa mashine mamilioni kama zile kila mfukoni na hamtulii sekunde tano.

La mwisho ni fupi na linauma. Mwaka 1993 tulirekodi kaseti watu sita. Ilipofika dukani jaladani kulikuwa na jina moja, na sio langu. Nyimbo iliyoipendezesha ile kaseti ilitokea kati ya vinanda viwili, kila mmoja akadai ni yake, na wakati wakigombana mtu wa tatu akaenda nayo. Kinachoibuka kati ya watu hakina alama ya kidole. Kwa hiyo andikeni majina kabla hamjawasha umeme, mafungu sawa, na omukoonezi wenu humo humo, kisha mkaisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkiwa bado mnapendana.

Jumamosi ijayo nakuja na amplifaya yangu ya honi, bado inafanya kazi ukiipiga kofi upande wa kushoto. Nyie leteni kamera na waya wa mita kumi hivi. Na yule binti wa maikrofoni, ningeomba siku hiyo akae bila chombo, karibu na mimi, tusikilize.

Ni mimi mzee wenu,
Fundi redio wa Tandika